Baba alituachia mpira wa kikapu, sasa mdogo wangu nisiyemjua anataka tuangalie pamoja

BARUA

Shikamoo dada. Naomba ushauri wako, na naomba nisitajwe jina kwa sababu mama na shangazi zangu wote wanasoma safu hii.

Nina miaka 29, nimeolewa, nina mtoto mmoja, naishi Dar es Salaam. Baba yangu alifariki Septemba mwaka jana huko Hartford, katika jimbo la Connecticut, Marekani. Moyo ulimsimama usingizini. Aliondoka nchini nikiwa na miaka minne akiahidi kutuita mimi na mama, na hakutuita. Alipata kazi ya kuhudumia wazee, akaoa huko, akazaa mtoto wa kiume ambaye sasa ana miaka 16. Mama alinilea kwa kuuza vitenge Kariakoo. Utotoni baba kwangu alikuwa ni picha ukutani kwa bibi, na simu ya Idi ambayo nilikuwa napewa niseme shikamoo kisha napokonywa.

Aliyetukutanisha ni Hasheem Thabeet. Ujana wake baba alikuwa mchezaji wa kikapu wa viwanja vya Upanga, na kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa mita 2.21 alipoingia Chuo Kikuu cha Connecticut, UConn, baba alichanganyikiwa kwa furaha. Akaanza kunipigia simu kila wiki kunihadithia: mtoto wetu leo kazuia mipira mingapi, kocha Jim Calhoun kasemaje. Nilikuwa na kama miaka kumi, sijui kikapu ni nini. Nilikuwa nasikiliza kwa sababu ni yeye anayeongea. Machi 2009 UConn walicheza na chuo cha Syracuse pale Madison Square Garden, New York, mechi ikaenda vipindi sita vya nyongeza. Kwetu ilianza alfajiri ikamalizika saa mbili asubuhi. Baba alikuwa ananitangazia kwa simu ya kadi, kadi ikaisha katikati ya kipindi kimoja cha nyongeza, nikakaa na sare yangu ya shule nimeshika simu ya mama mpaka akapiga tena. Tulifungwa 127 kwa 117. Shule nilifika saa nne nikachapwa, na mama hakunisemesha siku nzima.

Juni ya mwaka huo Thabeet akachaguliwa wa pili kuingia NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, na timu ya Memphis, mbele ya James Harden na Stephen Curry, ambao baadaye wakawa nyota wakubwa. Baadaye watu walimcheka kwamba hakufika mbali. Baba hakuruhusu mtu amcheke mbele yake. Alikuwa anasema, "Kutoka Dar mpaka wa pili duniani, nani mwingine kafika?" Thabeet aliondoka chuoni, sisi tukabaki na UConn. Zilipokuja simu za picha, baba akawa anaegesha simu yake kwenye kopo la chai mezani, ikitazama televisheni, na mimi huku nikaona mechi kwenye kioo cha simu yangu. Pembeni ya picha kulikuwa na goti lake la kushoto. Refa akikosea, goti linaruka.

Dada, fainali za mashindano ya vyuo vya Marekani za 2023 na 2024 zote ziliangukia Ramadhani. Zilianza kama saa kumi na dakika ishirini alfajiri ya kwetu, mimi nakula daku, yeye kesharudi tarawehe. Tuliwafunga San Diego State 76 kwa 59, mwaka uliofuata Purdue 75 kwa 60. Mwaka ule wa pili tulibishana mwezi mzima kama Donovan Clingan, mchezaji wetu mrefu wa wakati huo, ni bora kuliko Thabeet. Kila Machi, kamati ikishatangaza timu 68, alikuwa anachapisha ile karatasi ya utabiri, anajaza yake na yangu, bila kuweka dau hata senti kwa sababu kamari ni haramu. Timu nyingine anaandika kwa penseli, UConn anaiandika bingwa kwa kalamu ya wino. Mechi yetu ya mwisho ilikuwa Machi mwaka jana, 2025, Florida walipotutoa 77 kwa 75. Ilikuwa baada ya Magharibi, futari iko mezani. Akasema, "Haya, mwakani."

Alipofariki nilinyimwa viza. Mazishi niliyaona kwenye simu ileile.

Sasa tatizo. Mwezi uliopita yule mdogo wangu, ambaye sikuwahi kuzungumza naye zaidi ya salamu, alinitumia ujumbe. Nanakili alivyoandika: "Shikamoo dada. Machi inakuja. Mimi naweza kuweka simu pale pale baba alikuwa anaweka. Tutaangalia pamoja? Mimi nilikuwa nakaa kwenye ngazi nasikiliza nyinyi. Baba alisema nisiongee wakati wa simu ya dada." Akaambatanisha picha ya karatasi za mwaka jana alizozikuta kwenye droo. Zilikuwa tatu. Ya baba, yangu, na ya kwake.

Nilidhani tulikuwa wawili. Yule mtoto alikuwa na baba kila siku: alipelekwa shule, aliuguzwa, alinunuliwa viatu. Mimi nilikuwa na mpira wa kikapu tu, na sasa naona hata huo haukuwa wangu peke yangu. Sijamjibu. Najisikia vibaya kumwonea wivu mtoto aliyefiwa, lakini ninao.

Mama naye nilipomgusia alisema, "Yeye alikupa mpira, mimi nilikupa ada," akaendelea kukunja vitenge vyake. Anaamini nikianza mawasiliano na upande ule nitamezwa. Shangazi mkubwa anasema hela ya bando niitoe hitima, mpira haumfikii maiti. Mume wangu ananiambia nifanye litakalonipa amani, lakini amani yenyewe sijui iko upande gani.

Je, nimkubalie huyu mtoto, au kikapu kizikwe na baba yangu? Na mama nimwambie nini?

Mimi binti wa Tabata

JIBU

Marahaba mdogo wangu. Pole sana. Poleni wote, wewe, mama yako na huyo mtoto wa Hartford. Mwenyezi Mungu amrehemu baba yenu.

Nikikusoma vizuri, umebeba mambo matatu na yote umeyafunga kwenye mechi. Umefiwa na mtu ambaye hukuishi naye, kwa hiyo unahisi huna haki kamili ya kumlilia. Umegundua kwamba kile kidogo ulichokuwa nacho kwake kilikuwa pia cha mwingine. Na unaogopa kwamba ukisogea hatua moja kuelekea kumbukumbu yake utakuwa umemkanyaga aliyekulea. Swali la kumjibu au kutomjibu mdogo wako ndilo lililo juu, na ndilo rahisi kidogo. Hayo mengine yatakuwepo hata UConn wasipocheza tena.

Nianze na zile karatasi tatu, maana naona ndizo zilizokuumiza kuliko yote. Umeandika kwamba yule kijana alikuwa na baba kila siku. Inawezekana. Lakini hebu rudia ujumbe wake. Ameandika kwamba alikaa kwenye ngazi. Mechi inachezwa sebuleni kwao, baba yake yuko mezani, na yeye kaambiwa anyamaze kwa sababu dada yuko kwenye simu. Miaka yote hiyo wewe ulikuwa unajiona uko nje ya ile nyumba unachungulia kupitia kioo cha simu. Sitashangaa kama naye alikuwa anajiona yuko nje ya mazungumzo yenu. Kiswahili anachokuandikia, cha kuungaunga, huenda amekipata hapo hapo kwenye ngazi, akisikiliza baba na dada wakibishana kuhusu Clingan. Simjui, siwezi kukuapia. Nakuomba tu usiwe na hakika sana kuhusu nani alipewa nini.

Kuhusu wivu, usijilaumu. Umeniambia baba yako aliahidi kuwaita na hakuwaita, na umelisema hilo kwa sentensi moja, kisha ukaandika aya nzima kuhusu fainali. Nimeliona. Mtu anaweza kumkasirikia baba na kumkumbuka siku hiyohiyo, saa hiyohiyo. Kwenye misiba yetu hatuachi nafasi kwa hilo: marehemu akishafunikwa anakuwa mwema, na aliyekuwa na dukuduku analimeza. Wewe hata msibani hukuwepo, viza ilikatazwa. Inawezekana hasira uliyostahili kumpa baba imekosa pa kwenda, ikaenda kwa mtoto wa miaka 16. Lifikirie hilo kwa nafasi yako kabla hujamjibu.

Sasa ukikubali pendekezo lake kama lilivyo, jiandae kwa jambo moja. Simu itaegeshwa palepale, televisheni ileile, na lile goti halitakuwepo. Kwako hiyo inaweza kuwa faraja, na inaweza pia kuwa msiba mpya saa nane ya usiku, mume na mtoto wamelala na wewe uko peke yako sebuleni. Halafu atazungumza. Atakuambia baba alikuwa anapika nini Jumapili, alimfundishaje baiskeli, alimchekeshaje. Atakuambia kwa upendo, na baadhi ya maneno hayo yatakuchoma kwa sababu ni mambo uliyoyakosa. Una haki ya kumwambia, "Hapo mdogo wangu tuishie leo." Ni heri kulijua hilo mapema kuliko kukata simu ghafla na kumwacha mtoto akijiuliza amekosea nini.

Si lazima pia iwe kwa namna ileile. Mlianza kwa sauti tu, kwa kadi za simu, na ulimpenda baba yako hivyo hivyo. Mnaweza kuangalia kila mtu kwake na kuandikiana. Mnaweza kuchagua mechi moja ya mchana wa kule, ambayo kwetu inaangukia jioni, mkaona inakwendaje. Mnaweza kuanza na karatasi peke yake: wewe ujaze yako, yeye yake, basi. Kuna na timu ya wanawake ya UConn ya kocha Geno Auriemma, mabingwa wa 2025, waliowafunga South Carolina 82 kwa 59. Sijui kama baba yako aliwafuatilia, hukuniandikia. Kama hakuwafuatilia, huenda ikawa rahisi kwenu kukaa mbele ya timu ambayo haina kiti chake. Ile ya baba mnaweza kuiacha mpaka mtakapokuwa tayari.

Na unaweza kukataa. Kuna watu ambao kitu walichopenda na marehemu hawakigusi mwaka mzima, wengine hawakigusi tena, na wanaishi vizuri. Ukiamua hivyo, hatari ninayoiona iko kwa yule kijana zaidi kuliko kwako. Ana miaka 16, amefiwa, kapiga moyo konde akaandika kwa lugha isiyomkaa vizuri kwa dada ambaye hajawahi kumzoea, na mwezi umepita bila jibu. Akinyamaziwa anaweza asijaribu tena. Kumwambia "mwaka huu sijaweza, lakini nimefurahi umenitafuta" ni jibu kamili, na halikufungi mguu wala mkono.

Kuna jambo la mashindano yenyewe ambalo unalijua kuliko mimi. Kule ukifungwa mara moja umetoka, hakuna marudiano. Mwaka jana pointi mbili tu ziliwamaliza. Ukiweka matumaini yote ya kumuaga baba kwenye mechi hizi, timu inaweza kutolewa raundi ya kwanza usiku mmoja na wewe ukajikuta umefiwa upya. Hitima, ziara ya kaburi kwa picha za video kama mdogo wako ataweza kukuonyesha, kuandika yale uliyotaka kumuuliza na hukumuuliza: hivyo havitegemei nani kaingiza mtupo wa mwisho. Nalitaja kaburi makusudi. Uliyaona mazishi kwa haraka, kwenye kioo kidogo, na nadhani bado hujapata nafasi ya kusimama pale ukiwa umetulia.

Shangazi yako hana nia mbaya. Dua na sadaka kwa marehemu ni jambo lake, msikilize. Sioni lakini kwamba bando la usiku mmoja linazuia hitima. Ukiwa na wasiwasi wa kidini muulize sheikh unayemwamini, umweleze na lile la kutocheza kamari, ili shangazi akirudi na hoja uwe na la kumjibu kwa heshima.

Nilichokaa nacho muda mrefu ni maneno ya mama yako. "Yeye alikupa mpira, mimi nilikupa ada." Wewe umeyasikia kama katazo. Mimi nayasikia tofauti, na unisahihishe wewe unayemjua. Asubuhi ile ya Syracuse alikuwepo. Simu ilikuwa yake. Alimwona bintiye amekaa na sare, kachelewa shule, anamsubiri mwanaume aliyemwacha apige tena. Miaka yote ya ada, madaftari na vitenge Kariakoo, hakuna aliyemwamsha alfajiri kushangilia. Labda hapingi kikapu. Labda anataka kusikia kwamba unajua ni nani aliyelipa. Je, umewahi kumwambia? Simaanishi kumnunulia zawadi Siku ya Mama. Namaanisha kukaa naye na kumwambia kwa mdomo kwamba unafahamu alibeba nini na alibeba peke yake.

Ukimwambia hilo, halafu ukamwambia pia kwamba unamkumbuka baba, anaweza akanuna. Anaweza akalia. Inawezekana naye hajapata pa kumlilia mume aliyeondoka na hakurudi hata kuzikwa. Sikuhakikishii kwamba atalipokea vizuri. Njia nyingine ni kuangalia kwa siri, na ninaielewa, ila nyumba zetu siri hazikai, na siku akijua kupitia kwa shangazi itamuuma mara mbili: kwa jambo lenyewe, na kwa kufichwa. Ukiamua kunyamaza kwa sasa kwa sababu hana nguvu ya kusikia, hiyo nayo ni busara, mradi ujue unanyamaza mpaka lini.

Hofu yake kwamba utamezwa na upande ule si ya kupuuza. Muulize anaogopa nini hasa. Ni mirathi? Ni yule mke? Ni kwamba utahamia huko? Kila moja ina jibu lake, na baadhi ya hofu hizo unaweza kuziondoa kwa sentensi moja.

Wewe mwenyewe uangalie usingizi na chakula. Ukiona miezi hii ya msiba inakuzidi, kazi haifanyiki, mtoto unamlea kwa kujikokota, usisubiri Machi ipite. Muhimbili wana idara ya afya ya akili, na kufiwa na mtu wa mbali ni sababu tosha ya kwenda.

Mwaka huu mashindano yanaanza karibu kabisa na Idi, Idi yako ya kwanza bila simu yake. Hata usipoamua lolote kuhusu mechi, ile siku itakuwa nzito kwako na kwa yule kijana, na pengine salamu ya Idi ndiyo pa kuanzia. Timu zinatangazwa katikati ya Machi, kwa hiyo muda unao. Niandikie ulipofikia, hata kama bado hujaamua, na ukizungumza na mama nitapenda kusikia alichosema.